Samaki Aliyegeuka Pluu

Dalmas alipomwona samaki akibadilisha rangi bila kuingia saluni, alijua riziki imemtafuta mji mzima mpaka imechoka miguu, na sasa imeamua kumkalia mbele ya macho.

Ilikuwa dukani kwa Munir, katikati ya jiji, kwenye ile mitaa ya chini ambako watu huuza simu, saa na ahadi. Munir aliuza samaki wa mapambo na matangi ya vioo. Dalmas hakuwa mwajiriwa wake, na mteja pia hakuwa. Alikuwa mtu wa kusimama mlangoni akiwaita wapita njia waingie waone, na Munir alimvumilia jinsi mtu anavyomvumilia paka ambaye mara mojamoja hukamata panya.

Asubuhi hiyo Munir alikuwa amemtoa samaki mmoja mdogo, rangi ya majivu ya jikoni, kwenye tangi la wengi, akamweka peke yake. Dalmas alikaa mbele yake na kikombe cha chai. Kabla chai haijapoa, yule wa majivu alikuwa amevaa bluu, bluu ya sare za kwaya siku ya Pasaka, na anaogelea kama mwenye hatimiliki ya maji.

"Mumempaka nini huyu?" Dalmas aliuliza.

"Hajapakwa kitu," Munir alisema. "Hawa ni siklidi, samaki wa ziwa. Kule alikotoka palikuwa na mkubwa mmoja, mbabe. Mkubwa akiwepo, mdogo hujitia unyonge, huificha rangi yake asije akaumwa. Mwondolee mkubwa, hujiona sultani."

Munir alikuwa mtu wa Mombasa na alipenda jambo lielezwe mpaka mwisho wake. Akaendelea kusema kwamba si ubabe peke yake. Samaki hao hupauka wakiwa wagonjwa, au maji yakichacha, au chakula kikiwa kibovu, hata mchanga wa chini ukiwa mweupe mno wakakosa pa kujificha. Tena dume akitaka mke hung'aa bila kuombwa. Rangi ya siklidi ni kama uso wa mtu, alisema, usihukumu kabla hujauliza kisa. Lakini Dalmas alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa amelishika moja tu: mtoe mkubwa, mdogo atang'aa. Ndivyo walivyo wajanja. Husikia nusu ya maneno, na ile nusu nyingine hutangulia kuwasubiri mbele ya safari.

Ijumaa, Munir alipokwenda kuswali, alimwachia Dalmas duka. Kofia yake ya pili, ile iliyofumwa kwa mkono, ilikuwa inaning'inia msumarini. Dalmas aliona kivuli cha mama mmoja mnene kikikaribia mlango, kivuli chenye mkoba wa maana, na kofia ikajikuta kichwani mwake.

"Sasa, kijana," mama alisema. "Wewe ndio mwenye duka?"

"Starehe, Bi mkubwa. Duka ni la binamu yangu. Mimi naitwa Ridhwan, kwetu Mombasa, Mji wa Kale. Babu yangu alikuwa tabibu wa samaki."

Hapa lazima niwaambie jambo. Dalmas alizaliwa Kimilili, magharibi ya nchi, na bahari aliijua kwa picha za kalenda. Lakini aligundua kwamba watu wa Nairobi humwamini mtu wa pwani katika mambo mawili, pilau na mambo ya siri. Kwa hiyo aliufunza ulimi wake Kiswahili cha kule kama mtu anavyofunza mbwa wa lindo. Kazi ilikuwa kubwa, maana huko kwao, ulimi ukikimbia, B huanguka njiani na kuamka P. Bibi huwa pipi na baba huwa papa. Mwalimu alimchapa, Nairobi ikamcheka, mwishowe ulimi ukanyooka. Ukanyooka, ila ulikuwa na masharti: usishtuliwe.

Mama alijitambulisha kwamba ni Selpher Nanjala, mjane, anakaa mtaa wa Mountain View. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, tangi la samaki na kero.

"Hiyo samaki ilikuwa bluu mpaka inaumiza macho," alisema. "Tangu tumzike mzee, imekuwa kama majivu. Nimebadilisha chakula, nimebadilisha maji. Wapi."

Dalmas aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea habari kutoka mbali.

"Anaomboleza," akasema.

Mama Selpher akashusha mkoba. "Samaki?"

"Samaki, mamangu. Nyinyi watu wa bara mwawala tu, hamwasikilizi."

Ikaamuliwa kwamba tabibu aende akamwone mgonjwa.

Alipofika Mountain View, hata mlango hajabisha, jicho lake lilikwama uani. Chini ya turubai palikuwa na Peugeot, ile ndefu ya nyuma pana, ya wazee waliokuwa wazee wenyewe. Magurudumu yamelala, kioo kina vumbi la kuandikia jina, lakini bodi imesimama wima kama bibi harusi. Dalmas alisahau tangi, akasahau kwamba ni Ridhwan. Aliiona Krismasi. Aliiona barabara ya Kimilili, yeye amekunja kiwiko dirishani, na mbele ya duka la nyama amesimama mjomba wake, yule aliyetangaza matangani kwamba Dalmas atarudi nyumbani siku moja tu, na siku hiyo atakuwa amelala. Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka mjomba alione gari hilo, akohoe vumbi lake, kisha aombe lifti.

Mama Selpher alimpokea kwa mikono miwili, naye Dalmas akamshika kwa yake miwili. Alimketisha kwenye kiti cha marehemu, akamletea ugali na kuku, na katikati ya sahani akaweka firigisi, kile kipande ambacho huko magharibi hakipewi mtu wa kupita. Dalmas alikila akimtazama usoni, akisifu. Chai ikaja kwenye flaski ya mdomo mpana.

Tangi lilikuwa kando ya dirisha. Yule wa majivu alijibanza nyuma ya bomba la hewa, amekunja mapezi kama mtu anayesubiri kuhojiwa polisi. Na kutoka kwenye chungu cha udongo kilichowekwa chini kama pambo, taratibu, akatokea mwingine: mkubwa, mweusi mweusi, uso wa makanga wa matatu aliyenyimwa nauli. Mama alieleza kwamba samaki huyo, mzee alimnunua akiwa mdogo kama kidole, mwezi ule kabla hajafariki.

Dalmas aliujua ugonjwa hapo hapo. Lakini tabibu anayejua ugonjwa haraka halipwi vizuri. Akainuka, akafumba macho, akazunguka sebule akinusa pembe zake, akasimama dirishani.

"Kuna chombo cha marehemu kimelala hapa nje," alisema polepole. "Hakikuzikwa, hakisogei. Samaki anakiona kila siku kupitia kioo hiki."

"Hiyo Peugeot?"

"Mimi sikuitaja, Bi mkubwa. Umeitaja wewe."

Mama akauliza kama basi aiuze. Dalmas akasikitika sana. Alieleza kwamba kitu kama hicho kikiuzwa, huzuni hurudi na chenji. Jamaa pia hawafai, jamaa ni kuhamisha msiba kutoka chumba hiki kwenda kile. Sharti kitolewe bure, kwa mtu wa mbali, asiye na undugu wowote na nyumba hii.

"Mbali kama wapi?" mama aliuliza.

"Mamangu, ingawa ni mzigo," Dalmas alisema, na macho yakamlowa kidogo, "hata Mombasa ni mbali."

Kwa kuwa mama alionekana kusita, akamwahidi ushahidi. Amletee ufunguo wa gari. Yeye atatoka nao hadi nje ya lango. Ikiwa huzuni iko ndani ya gari, samaki atajua kwamba imeanza kuondoka.

Mama alipoingia chumbani kutafuta ufunguo, Ridhwan wa Mji wa Kale alifanya kazi kama mtu wa Kimilili. Chai iliyobaki ikaenda kwenye chungu cha maua. Flaski ikasuuzwa kwa maji ya tangi mpaka ikapoa. Upawa wa mchuzi ukazama, ukamfukuza yule mbabe kutoka pembe hadi pembe, ukamtoa akipiga mkia. Kifuniko kikafungwa. Mama aliporudi, tabibu alikuwa mlangoni na flaski ndani ya koti, akisema kwamba amechukua tone la chai la njiani, kazi hii hukausha koo.

Alisimama nje ya lango midomo ikicheza. Majirani walidhani anaomba. Alikuwa anataja vituo vyote kutoka Kangemi mpaka Kimilili.

Mama alipomwita, Dalmas aliingia akitarajia rangi kidogo, dalili tu, ya kuanzia mazungumzo. Hakutarajia alichokikuta. Samaki alikuwa katikati ya tangi, amefungua mapezi yote, anawaka kama taa ya ambulansi.

"Wele," alisema Dalmas, kama watu wa kwao wanavyomwita Mungu wakikanyaga nyoka. "Amekuwa pluu."

Mama Selpher alikuwa ameinama mbele ya kioo. Hakugeuka. Kwenye kioo Dalmas aliona anatabasamu, naye akadhani ni furaha ya samaki.

"Umesema imekuwa rangi gani, Ustadhi?"

"Bluu, Bi mkubwa. Bluu."

"Eeh. Nilisikia."

Kisha mama akasema yaliyomfanya Dalmas akose usingizi kwa raha. Ameamini. Gari ni lake. Sharti ni moja dogo: kwao kitu cha marehemu hakivutwi kwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa kichinjio cha Dagoretti. Lazima itoke langoni kwa nguvu zake yenyewe. Ustadhi aitengeneze, kisha aje Jumamosi aichukue mbele ya mashahidi, asije mtu akasema aliiba.

Dalmas aliona ni haki. Mtu akitengeneza gari lake mwenyewe, amepoteza nini?

Akamleta Muema, fundi wa Dagoretti Corner, ambaye alilala chini ya Peugeot na kutoka huko akawa anataja vitu kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Betri. Kabureta. Breki. Magurudumu yote, na lile la akiba. Dalmas aliuza friji. Gari likakohoa. Akauza televisheni. Likakohoa na kutema moshi. Kochi lilipoondoka chumbani kwake Kangemi, injini ikanguruma. Mama Selpher kila siku alimletea Muema uji, na kila alipoleta uji aliongeza neno. Honi marehemu aliipenda. Wipa hizo zinakwaruza. Na viti, mzee hakuweza kuvumilia kiti iliyoraruka. Dalmas akauza redio, akashona viti.

"Boss, hii sasa ni gari," Muema alimwambia akifuta mikono. "Ukipita nayo, watu watadhani umechaguliwa."

Chumbani alibaki na kitanda, jiko, na beseni la kuogea ambamo yule mbabe wa flaski alikuwa anazunguka. Ajabu ni kwamba, kwa kukosa wa kumwonea, naye alianza kupauka. Kila asubuhi alikuwa mweupe kidogo kuliko jana. Dalmas aliliona hilo, akacheka, asilitilie maanani.

Jumamosi alifika amevaa kanzu ya kuazima, na kofia ya Munir imekaa upande. Uani palikuwa na viti vya plastiki, na juu ya viti wamekaa akina mama wa kanisa, vitambaa kichwani, mikono mapajani, kama jopo la majaji waliokwisha kunywa chai. Peugeot ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Mama Selpher alisimama kando yake, ufunguo mkononi.

Dalmas akavua kofia kwa heshima, akaiweka juu ya boneti, akanyoosha mkono.

Mama Selpher akarudisha mkono wake nyuma. Akavuta leso, akafunika kichwa, akampa Dalmas mgongo. Akaanza kusema na ukuta.

"Mwambieni huyo kijana, kabla hajanishika mkono, ataje ukoo wa babake. Sio ule wa Mombasa. Ule wa kwetu, sisi watu wa pluu."

Kanzu ilianza kumbana Dalmas makwapani. Alikuwa amedanganya askari, mapadri, na wakili mmoja. Angeweza kubuni ukoo wowote duniani. Lakini hapo palikuwa na wanawake wa kwao, umri wa mama zake, wanamsubiri amtaje babake, na hata mjanja ana ukuta mmoja ambao haruki. Akautaja ukoo, kwa sauti ya mtoto aliyelowesha kitanda.

Akina mama wakasema "aaa" ndefu.

"Nilijua," mama aliuambia ukuta. "Binti ya dada yangu ameolewa huko, na ndugu yake huyu. Basi mimi ni mama mkwe wake."

Msomaji ambaye si wa huko atauliza, basi nini? Basi kila kitu. Kwao mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawabishani. Na zaidi ya yote, mkwe haingii kwa mama mkwe kuchukua. Huja kuleta. Na si lazima umwoe binti yake wa kumzaa. Akiolewa wa dadake na ndugu yako, heshima ni ile ile.

Akina mama wakaanza kumhesabia makosa, mmoja akipokezana na mwingine. Alimshika mkono kwa mikono miwili. Alikaa kwenye kiti cha baba mkwe. Alikula firigisi mama mkwe akimwangalia, tena akalamba vidole. Mmoja, aliyekaa mwisho, alitaka kujua kama ni kweli alizunguka sebule akinusa. Wakatikisa vichwa. Dunia imeharibika.

"Mama, hebu nisikize," Dalmas alisema, na akazunguka upande wa pili ili amtazame.

Mama naye akazunguka.

"Mkwe, macho chini," wakasema akina mama.

Hapo ndipo Dalmas alipojua kwamba amekwisha. Kazi yake yote ilikuwa machoni: umtazame mtu, umshike kwa jicho, ndipo umlishe maneno. Sasa kila alipolitafuta jicho, alipata kisogo. Mjanja mbele ya kisogo ni fundi aliyesahau spana.

"Na mwambieni," mama aliongeza, "arudishe flaski yangu, pamoja na ile chai yenye mapezi. Nilikuwa na samaki wawili. Hesabu ya wawili haihitaji chuo kikuu. Mkubwa akakosekana, mdogo akachangamka. Mimi mwenyewe, shemeji zangu waliporudi kwao baada ya matanga, nilichangamka hivyo hivyo."

Wanawake wakacheka mpaka viti vikalia. Kisha ikatolewa hukumu: kwa kuvunja heshima, mkwe alete kondoo dume. Dalmas akainamisha kichwa, akasema atamleta. Alisema kwa ardhi, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa inamtazama.

Bado tumaini moja lilimchezacheza. Akaiuliza ardhi, kwa adabu, gari litaendeshwa na nani, maana hapa anaona ni akina mama watupu.

"Mwambieni marehemu alikuwa haoni mbele ya pua yake," mama alisema akifungua mlango wa dereva. "Anafikiri hiyo miaka yote nani alikuwa kwa usukani?"

Akawasha. Injini ikanguruma, kazi nzuri ya friji na televisheni. Akina mama wakajipanga ndani, wengine wakiketi wima juu ya viti vipya kama wali kwenye sinia, na mmoja akaichukua kofia kwenye boneti, akaivaa. Dalmas ndiye aliyefungua lango. Gari lilipomfikia, lilisimama. Mama Selpher alitazama mbele, barabarani.

"Tunaenda soko ya Dagoretti. Ningekupea lifti, mwanangu," aliiambia barabara. "Lakini mkwe na mama mkwe kwa gari moja? Watu watasema nini."

Akapiga honi ile ambayo marehemu aliipenda.

Dalmas aliteremka Waiyaki Way kwa miguu, ameikunja kanzu kwapani. Huzuni ilipompungua, akili ikarudi. Akampigia shangazi yake, Everlyn, kule Kimilili, anayejua nani ameoa wapi tangu enzi za mkoloni. Akamtajia Selpher Nanjala, mjane wa Mountain View, akamuuliza ni ndugu yupi aliyeoa huko kwao.

Shangazi alifikiri sana. "Huko? Hapana. Hatujaoana na hao hata paka."

Dalmas alisimama katikati ya njia. "Kwa hiyo alinidanganya, shangazi. Si mama mkwe wangu. Gari ni langu."

"Ngoja kwanza. Alikuita mkwe mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Wewe ukafanya nini?"

"Niliinamisha kichwa."

"Ukakubali kondoo?"

"Nilikubali, mbele ya akina mama wa kanisa. Na firigisi nilishakula siku ya kwanza."

"Umekula firigisi yake, umemwinamia, umekubali kondoo mbele ya akina mama wa kanisa," shangazi alisema. "Basi wewe ni mkwe. Undugu mwingine huzaliwa, mwingine hukubaliwa. Peleka huyo kondoo, Dalmas, na asiwe mwembamba. Usitie ukoo aibu. Mjomba wako yuko hapa kando yangu, ameshasikia."

Alipofika dukani, viatu na uso vilikuwa rangi moja, ya vumbi la barabara. Munir alikuwa anamwaga chakula kwenye tangi dogo, na yule samaki wake wa bluu akajitokeza kukidaka. Munir akamwangalia Dalmas juu hadi chini, akatazama msumari mtupu ukutani, akamwangalia tena.

"Kofia yangu i wapi?"

"Imeolewa," Dalmas alisema.

"Na wewe mbona umepauka hivyo? Wawa kama majivu. Ni maradhi?"

Dalmas alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo, akamtazama samaki. Samaki naye akamtazama, machoni, bila woga wowote. Alikuwa wa kwanza siku nzima.

"Hapana," alisema. "Niliwekwa tangi moja na mkubwa."